Nhai Alipogawanyika

Habari hii alinipa bibi Mui, muuza tofu, mwaka ule maji yalipoingia sokoni, tukiwa tumekaa juu ya meza yake tukingoja yapungue.

Nhai, mke wa mwalimu Khoat, alikuwa jikoni tangu alfajiri akikunja nem, zile sambusa za mviringo za karatasi ya mchele. Ilikuwa siku ya kumkumbuka marehemu baba mkwe wake, na kwa kuwa aliolewa na kifungua mimba, sinia zote sita za wageni zilikuwa shingoni mwake. Baba yake mzazi naye alifariki tarehe hiyohiyo, huko ng'ambo ya mto. Mwaka wa kumi na moja huu, mama yake alikuwa akimwashia udi peke yake.

Alipofika nem ya themanini, Nhai akaanza kutanuka. Mifupa, maini, kumbukumbu za utotoni, kila kilichokuwamo ndani yake kilijinakili. Kisha vitu vikajipanga katikati viwiliviwili, vikavutwa huku na huku, naye akaanza kubonyea kuanzia utosini.

"Wifi, mafuta yanaungua," alisema Thoan, aliyeingia kuchukua barafu. "Kaka! Njoo umwone mkeo."

Khoat, ambaye alifundisha baiolojia, alichungulia na kikombe chake mkononi.

"Mitosisi hiyo. Anagawanyika kama seli tu. Msimguse, atamaliza." Akarudi kwa wajomba.

Wakawa Nhai wawili, kila mmoja mzima. Nguo tu ndiyo ilikuwa moja. Thoan akaleta nyingine. Wa kulia akanawa mikono, akavaa kofia.

"Mimi naenda kwa mama. Wewe malizia."

"Nenda. Usisahau ndizi za baba."

Getini alikuwa amekaa mama mkwe, bi Suu, akitafuna tambuu.

"Safari ya wapi, mwanangu?"

"Kwa marehemu baba, mama. Mwenzangu yuko jikoni."

"Huyo wa jikoni ni mkwe wangu. Na wewe je? Siku ya harusi hukupiga magoti mbele ya meza ya udi ya wazee wetu waliotangulia?"

Nhai alijichunguza kwa uaminifu. Alikumbuka hata ubaridi wa sakafu. Ndani yake hakikugawanywa kitu. Vyote vilinakiliwa, na ukwe pia.

"Nilipiga, mama."

"Haya basi. Mmoja apike, mmoja aoshe vyombo. Nami nilikuwa nawaza, wageni wote hawa tutawawezaje!"

Nhai alimtazama mumewe. Khoat alikuwa akiwaeleza wajomba jinsi kromosomu zinavyojipanga, wala haipotei hata moja. Alieleza vizuri sana. Hakuinua macho. Nhai akavua kofia.

Wageni walipoondoka, nyumba nzima ikalala usingizi wa mchana. Wake wawili wakajinyoosha jikoni juu ya mkeka mmoja.

"Mwakani tutakuwa wanne," alinong'ona mmoja. "Labda mmoja atachomoka."

"Wanne, na wote wamepiga magoti. Lala, bwana."

"Saa hizi mama ameshamaliza kuwasha udi."

"Ameshamaliza. Sasa anakula."

"Na nani?"

 Mwenzake alingoja mpaka aliyeuliza akaanza kukoroma, akamsogezea feni, akageukia upande wa ng'ambo ya mto, kwa mama, naye akasinzia.