Ukuta Uliopinda

Daktari Brendah Nangila, mpasuaji wa ubongo, alikuwa ameshaitazama picha ya kichwa cha mgonjwa wake mara sita. Nyuma kabisa ya pua, ndani ya pango dogo la mfupa, kila mtu ana ukuta mwembamba. Kwa wengi unasimama karibu na katikati. Wa mgonjwa huyu ulikuwa umepinda, ukaenda kushikana na mfupa unaofunika mshipa mkuu wa damu wa kushoto, ule unaolisha ubongo.

Mgonjwa mwenyewe, Sajenti Latif Nasuru, askari magereza wa Jinja, alikuwa ameketi mbele yake kliniki mjini Mbale, pamoja na mkewe Ramula. Uvimbe ulikuwa umeota kwenye tezi iliyo chini ya ubongo, ukapanda na kubana mishipa ya macho. Latif alikuwa haoni tena pembeni, kulia wala kushoto. Mwezi uliopita bodaboda ilimgonga barabarani kwa sababu hakuiona ikija.

"Tutapita puani," Nangila alieleza. "Hatupasui fuvu. Lakini njia ni finyu, afande. Juu kuna mishipa ya macho, na huku na huku kuna mishipa ya damu. Ukuta huu nikiuvunja kwa pupa, utang'oka na kipande cha mfupa, na mshipa unaweza kuchanika."

"Ukichanika?" Ramula aliuliza.

"Mtu anaweza kufa mezani."

Nangila aliwahi kuliona jambo hilo, wakati bado anasomea kazi hii. Kioo cha kamera kiligeuka chekundu chote.

Ramula alimkazia macho. "Na wewe mwenyewe, daktari, unaogopa?"

Angeweza kudanganya. "Naogopa."

Ramula akasimama, akamshika mumewe mkono. "Baba Shakira, twende nyumbani."

Siku tisa zikapita. Nangila alipiga simu ya Latif asubuhi na jioni, isipokelewe. Jumamosi akaendesha gari mwenyewe mpaka Jinja, akaulizia njia hadi nyumbani kwao Wanyange, akamkuta Latif ameketi barazani, redio mapajani.

"Afande, habari za hapa?"

Latif akanyoosha mkono kumsalimia, lakini akaunyoosha kuelekea mlangoni, ambako hakukuwa na mtu.

Ramula akatoka, mikono imejaa unga. Hakusalimia. "Jicho la kushoto limezima juzi. Nilimzuia mimi. Akipofuka, nimempofusha mimi."

Nangila akapiga magoti mbele ya Latif, akaziba jicho la kulia, akawasha tochi ya simu. "Unaona nini?"

"Mwanga. Kama wa chini ya maji."

"Basi bado halijafa. Lakini hatuna wiki nyingine."

"Bado unaogopa?" Ramula aliuliza.

"Kuliko siku ile."

"Mnaongea kama vile sipo," Latif alisema. "Jana nilimsikia Shakira anacheka, nikashindwa kujua kama ananicheka mimi. Mtoto wangu! Twende Mbale."

Jumanne asubuhi Latif alikuwa amelala mezani, dawa ya usingizi imemchukua. Daktari Trevor, mtaalamu wa pua na koo, alishika kamera. Nangila aliingiza vyombo taratibu, akafika kwenye pango, na ukuta ukajitokeza kwenye kioo, mweupe, umepinda vilevile kama kwenye picha.

Wapasuaji wengi huushika ukuta huo kwa koleo na kuuzungusha mara moja ukavunjika. Nangila aliomba keekee ndogo yenye kichwa cha almasi, akaanza kuusaga kidogo kidogo, maji yakimwagika kuupoza mfupa. Kila baada ya dakika chache alisimama, akagusisha kwenye mfupa kijiti chenye waya, kifaa cha kusikilizia damu inayopita mshipani. Kulia, kimya. Kushoto, *shwii, shwii, shwii*. Mshipa ulikuwa karibu kuliko alivyodhani.

Akasaga tena. Akagusisha tena. Kimya.

Akakisogeza kijiti. Kimya. Mshipa haukuwa umehama. Kifaa ndicho kilichokufa.

"Kuna waya mwingine?" aliuliza.

"Hakuna," nesi alijibu.

"Tuendelee?" Trevor aliuliza kwa sauti ya chini. "Umebaki ukuta kidogo tu."

Nangila aliutazama ule ukuta kidogo. Mkono wake ulitaka kumaliza. Akauondoa. "Kushoto tumeishia hapo. Tunafungua katikati tu. Kitakachotoka kitoke, kilichoshikamana na mshipa kibaki."

Akafungua mfupa wa katikati, mwembamba kama ganda la yai, kisha utando ulio nyuma yake. Ghafla damu ikajaa kioo.

Nangila aliganda, akiitazama rangi. Ilikuwa damu nyeusi, inayochuruzika, hairuki. Haikuwa ya mshipa mkuu. Akaweka pamba, akabana, akaanza kuhesabu moyoni. Alipofika mia mbili akaiinua pamba. Kumekauka. Uvimbe ukaanza kutoka wenyewe, laini kama uji mzito, na sehemu yake ya juu, iliyobana mishipa ya macho, ikashuka polepole.

Upasuaji ulipokwisha, alinawa. Ilimbidi akae kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Jioni Latif aliamka, pua imezibwa, amekatazwa kupenga wala kuinama. Ramula alikuwa amesimama ubavuni, upande wa kushoto.

"Mama Shakira," Latif alisema bila kugeuza kichwa, "mbona umevaa mtandio wa msiba?"

Ramula alifunika mdomo kwa ule mtandio mweusi, akalia. Baadaye alimfuata Nangila ukumbini.

"Umeutoa uvimbe wote?"

"Hapana. Umebaki kidogo, pembeni ya mshipa. Tutapiga picha kila baada ya miezi sita. Ukikua, huenda tukarudi."

"Kwa hiyo hofu haijaisha."

"Haijaisha, mama."

"Sawa," Ramula alisema, akatoa simu yake. "Niandikie tarehe."