Kanuni ya Mwalimu Lwakatare

Mwalimu Lwakatare, kiongozi wa kwaya ya Miembeni mjini Bukoba, alikuwa na kinanda na alikuwa na maoni, na vyote viwili alivipenda kwa sauti ya juu. Siku aliposikia kwamba kwaya ya Kagoma, kule Muleba, inatengenezewa muziki na binti mwenye kompyuta, hakumaliza chai yake.

Binti huyo aliitwa Elieth. Kompyuta yake ilikuwa na vipande vifupi vya ngoma, gita na besi vilivyopigwa zamani na watu asiowajua. Alivichagua, akavipanga, akaviacha vijizungushe chini ya sauti za waimbaji. Wenyewe wanaviita lupu. Lwakatare aliviita wizi, na kwenye kikao cha kuandaa mashindano ya kwaya alisimama akasema hivyo mbele ya mchungaji.

"Huyu hapigi chochote, jamani waitu! Anakula jasho la wenzake. Muziki ni mikono!"

"Shikamoo, mwalimu," Elieth alisema. "Kuchagua na kupanga nako ni kazi."

"Marahaba. Hiyo ni kazi ya mwenye duka."

Wajumbe walicheka, na kanuni yake ikapita: kila mdundo utakaosikika siku ya mashindano upigwe palepale na mkono wa mtu, mashine isimsaidie. Lwakatare aliomba isomwe tena, kwa raha tu ya kuisikia.

Nyumbani alimsimulia mkewe, Adventina, ambaye ni mwimbaji wa kwaya hiyohiyo. Adventina alikuwa anamenya ndizi za jioni.

"Mashine isimsaidie," alirudia taratibu. "Na kile kitufe cha kinanda chako, Baba Mwesiga?"

Lwakatare akageuka kukitazama kinanda. Kwa miaka yote aliyoiongoza kwaya, mkono wake wa kulia uligusagusa wimbo, kidole kimoja cha kushoto kikabonyeza kitufe, na kinanda chenyewe kikaleta ngoma, besi, hata tarumbeta. Washarika walimwona mtu mmoja akitoa muziki wa bendi nzima, wakasema mwalimu ana kipaji. Naye alisifiwa mpaka akasahau kabisa kwamba kitufe kipo.

Angeweza kurudi kikaoni akasema ukweli. Jina lake lilimzuia. Akajifungia na kinanda kufanya mazoezi, lakini mkono wa kushoto ulikuwa umekaa kama mgeni wa heshima muda mrefu mno, na kazi ulikataa.

Siku ya mashindano ilipofika, Kagoma walikuja na ngoma za kweli. Elieth mwenyewe alipiga moja, vibaya kidogo, lakini aliipiga. Kisha ikaja zamu ya Miembeni. Lwakatare akaanza, na kikatoka kisauti chembamba kilichomwaibisha hata aliyekipiga. Watu wakageuka kutazama spika.

"Ta Lwakatare, piga tu, umeme upo!" mzee mmoja alimtia moyo kutoka nyuma, kwa lile "Ta" la heshima la Wahaya.

Mkono wa kushoto ukatua pasipotakiwa. Wanawake wakaenda huku, wanaume kule, na wimbo ukafa katikati. Lwakatare alitamani ardhi impasukie. Ndipo Adventina akauanzisha upya, bila kinanda, akigonga mguu sakafuni. Wenzake wakaingia mmoja mmoja. Mumewe akabaki na mikono mapajani, akiisikia kwaya yake kwa mara ya kwanza. Waliimba vizuri kiasi cha kumuumiza.

Miembeni wakashinda. Washarika walishangilia hadi mchungaji akainua mkono.

"Kanuni hii ya mwalimu imetubariki," alisema. "Napendekeza iwe ya kudumu, hata kwenye ibada za Jumapili. Wanaokubali?"

Kanisa zima likanyoosha mikono, Adventina akiwa wa kwanza.

"Wanaopinga?"

Lwakatare akauona mkono wake mwenyewe juu. Watu wakamtazama mwenye kanuni, kisha wakatazama upande wa ngoma za Kagoma, ambako mkono mwingine mmoja ulikuwa umenyooshwa. Ulikuwa wa Elieth.

"Haya, wapingaji wawili," mchungaji alisema. "Tupeni hoja zenu."

Elieth akainamisha kichwa kwa adabu.

"Aanze mwalimu," alisema.