Kobe wa Darasa la Pili

Kila Jumatatu, kabla ya hesabu, darasa la pili walimpima kobe wao Sopol kwa mizani ya zabibu kavu, wakaandika uzito wake ubaoni. Kisha walilala kifudifudi sakafuni na kumsomea, mmoja mmoja. Baada ya mwezi Sopol naye akajua kusoma. Mkuu wa shule, Mzee Turgunboy, aliuliza tu kama ameshaandikwa kwenye daftari la mahudhurio.

Aliyemsomea zaidi ni Oygul. Mbele ya watu hakufungua mdomo. Mbele ya kobe alisoma, kwa kusitasita, akivuta pumzi kabla ya kila neno refu. Mwalimu Dilnavoz akamwahidi kwamba wakaguzi wakija, atasoma yeye. Mama yake akamsuka nywele misuko arobaini kwa ajili ya siku hiyo.

Siku ikafika. Mikate ikapangwa mezani, chai ya kijani ikamiminwa, lakini Oygul hayupo.

"Mkuu, Oygul yuko wapi?" aliuliza Dilnavoz.

"Stoo ya makaa, na wenzake wazito wa kusoma. Usinitolee macho, binti yangu. Mwaka jana tuliwaambia wabaki nyumbani, wakaja kuchungulia dirishani."

Hilo la kubaki nyumbani Dilnavoz alilijua, na wakati huo alinyamaza. Lakini kufungia watoto? Jamani, watoto!

"Nipe ufunguo."

"Wageni hao wanaingia. Kaa."

Akakaa. Mpaka leo hajui kwa nini alikaa.

Mkaguzi, mama mnene mwenye miwani, alitaka kobe asome. Sopol akatoa shingo, akaanza ukurasa wa nyuki, na sauti ilikuwa ya Oygul, pamoja na pumzi zake. Nyuki huishi kwenye mzinga. Akakohoa vumbi. Malkia ni mmoja. Mwalimu, huku giza. Nifungulie.

"Hilo halimo kitabuni," alisema mkaguzi, akapunguza alama moja. Shule ikapata nafasi ya kwanza wilayani.

Magari yalipoondoka, Dilnavoz alifungua stoo. Watoto sita walitoka wakipikicha macho. Oygul alikuwa wa mwisho, mweusi kwa makaa mpaka kwenye kope.

"Mwalimu, walinisikia?"

"Walikusikia."

"Wakasemaje?"

Dilnavoz alipiga magoti, akaanza kumfuta uso kwa kitambaa chake cha kichwani.

"Walisema kobe anasoma vizuri."