Mzee Akisinzia, Mpira Unahama

Hivi wewe umewahi kumzuia mtu wa miaka sabini na sita asisinzie, saa kumi na nusu alasiri, juu ya kochi alilolitengeneza kwa mikono yake mwenyewe? Mimi kazi hiyo nimeifanya miezi minne, bila kutumwa na mtu, na ilinishinda.

Mzee wangu ni seremala mstaafu. Kochi lenyewe ni pana, mbao zake nzito, na mito yake nimeifunika kwa vitambaa nilivyofuma mwenyewe, vyeupe vyenye ukingo wa buluu. Akiegemea pale, kichwa kinaanza kwenda upande wa kushoto, taratibu, kama mlango ambao bawaba yake ya juu imelegea. Kikifika begani, ameshaondoka. Hakoromi. Anapumua kwa pua, mdomo umefumbwa, uso umetulia kama wa mtu anayefikiria jambo la maana. Mgeni akiingia anaweza kumsalimia mara tatu.

Sasa nikueleze kwa nini usingizi wake ulinihusu.

Mwaka jana watoto wetu walikaa wakakubaliana kwamba baba yao amechoka kushinda na redio, atafutiwe mpira wa kwenye televisheni. Watoto wenyewe ni wawili. Mkubwa ni dereva wa lori la masafa marefu, na tunamwita Dereva hata sisi tuliomzaa. Wa pili ni binti, ni nesi, na ameolewa na fundi wa simu, kijana mpole, mkwe ambaye hajawahi kunitazama usoni zaidi ya sekunde mbili. Fundi ndiye aliyekuja na televisheni bapa, akaipachika ukutani, akaunganisha intaneti, akatueleza kwamba siku hizi mpira unakuja kwa mtandao, kama ujumbe wa simu.

Mpira wa namna hiyo una tabia zake. Hauko mahali pamoja. Ligi iko kwenye programu moja, kombe liko kwenye nyingine, timu ya taifa iko kwenye ya tatu, na kila moja inataka kulipwa kivyake, kwa tarehe yake. Mwezi wa pili ligi ikahama. Tulilipia, tukafungua, tukakuta watu wanacheza tenisi. Mzee akaangalia tenisi dakika kumi, akasema huyu kipa wa kulia ni mzuri.

Halafu kuna maneno ya siri. Akaunti iko kwa jina la mzee, barua pepe ni ya Nesi, na televisheni ikijisahau inatuma namba sita kwenye simu ya Dereva, ambaye saa hiyo pengine anapandisha mlima na shehena ya saruji. Tunampigia, anasimamisha lori pembeni, anatusomea. Mimi ninaandika nyuma ya kalenda, kisha ninabonyeza kwa rimoti, tarakimu moja moja. Nikikosea ya tano, inatumwa nyingine, na lori linasimama tena.

Tena unachelewa. Jirani tunayepakana naye ukuta anasikiliza redio. Akipiga kelele ya goli, kwetu mshambuliaji bado yuko katikati ya uwanja, hana habari kama atafunga. Nimezoea. Ninakaa ninamsubiri afike.

Lakini hayo yote ni madogo. Kubwa ni kwamba programu ya ligi inaruhusu watu wawili tu kuangalia kwa wakati mmoja, na kwetu wanaotaka ni watatu. Kuna mzee. Kuna Dereva, kwenye simu yake, akiwa ameegesha. Na kuna Fundi, ambaye ameweka televisheni dukani ili watu wanaosubiri simu zao wasiende kwa fundi wa pili. Siku walipogombana, Dereva akatoa amri kutoka barabarani, simu ikiwa kwenye spika.

"Huu ni mpira wa baba. Baba akiwa macho, nafasi moja ni yake. Akilala, tunagawana mimi na shemeji. Kuna mwenye neno?"

"Sina neno," akasema Fundi.

"Mama?"

"Mimi sina neno," nikasema.

Basi tangu siku hiyo, kila mechi ikifika dakika ya arobaini hivi, simu yangu inaita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Samahani mama. Mzee... amelala?"

Mimi kudanganya siwezi. Ninamtazama mtu wangu pale kwenye kochi, kichwa kimeshafika begani. "Amelala."

"Basi mwache apumzike mama. Asante."

Ninahesabu mpaka tano. Picha inaganda, mtu mguu mmoja hewani, kisha kioo kinakuwa cheusi na maandishi yanatokea kwamba watazamaji wamezidi. Mpira umehamia dukani.

Tatizo ni kwamba mimi nilikuwa naangalia.

Usinicheke. Miaka arobaini nimesema hadharani, mbele ya watoto hawa hawa, kwamba watu wazima ishirini na wawili kukimbiza kitu kimoja ni ukosefu wa kazi. Nilimwambia mzee hivyo siku ya harusi ya Nesi, alipojificha na redio nyuma ya nyumba. Kwa hiyo televisheni ilipokuja nilikaa pembeni na sindano yangu ya kufumia, nikainamisha macho. Lakini uzi haukuhitaji macho, na macho yakaanza kutembea.

Kulikuwa na timu ya jezi za zambarau. Ilikuwa ya pili kutoka mkiani. Kipa wao alikuwa na chupa ya maji na taulo dogo, na kila kipindi kikianza anavipanga kando ya mlingoti, chupa kwanza, taulo limekunjwa mara nne juu yake, kisha anarudi hatua mbili kuona kama pamenyooka. Timu imefungwa matatu, anapanga. Nikasema moyoni, huyu amelelewa. Beki wao wa kushoto alikuwa mfupi, anapandisha bukta kabla ya kila mpira wa kurusha. Nikawajua mmoja mmoja. Nikajua kuotea ni nini, na nikajua pia kwamba refa wa pembeni mwenye kipara hajui. Siku zambarau waliposawazisha dakika ya ishirini na nne, nilijichoma kidole na sindano, na kitambaa kile kina doa mpaka leo, nimekiweka chini ya chombo cha maua.

Kuangalia vipindi vya kwanza tu, mechi baada ya mechi, ni kama kumsikiliza mtu anayekusimulia habari nzito, halafu anashuka njiani. Matokeo nilikuwa nayapata kwa jirani, kupitia ukutani.

Ningesema? Ningesemaje? Mpira wa baba. Wamejinyima wakamlipia baba yao, kisha bibi aliyeusema mpira miaka arobaini ajitokeze na kudai timu yake? Nikaona rahisi zaidi ni mzee awe macho.

Nikaanza na chai. Chai ya tangawizi, kali, kikombe kikubwa, dakika ya ishirini. Alikunywa, akashukuru, akalala. Nikahamia kwenye pazia. Nikalivuta kidogo, jua la alasiri likamwangukia machoni. Akageuza kichwa upande wa kulia, upande ambao hajawahi kulalia tangu nimjue, akalala hivyo. Nikamshikisha uzi. Nikamwambia anyooshe mikono yote miwili nikunje bonge, maana mtu akisinzia mikono inashuka, nami nitaona.

"Unanifunga kama mwizi wa kuku," akasema.

"Ni dakika kumi tu baba watoto."

"Jana pia zilikuwa kumi. Nilishikilia mpaka wachezaji wakaenda mapumziko."

Kilichofaa kuliko vyote ni kabati. Miaka thelathini iliyopita alimtengenezea mwalimu mkuu kabati la milango mitatu, na mlango wa kati haukufunga vizuri, na mpaka kesho anasema ni sakafu ya mwalimu iliyopinda. Nikimuuliza tu, "Hivi lile kabati ilikuwaje?" ninapata dakika ishirini na tano. Ana maelezo ya pima maji, kile kifaa cha kupimia usawa. Anasimama, anaonyesha ukutani. Ubaya wake ni kwamba anasimama mbele ya televisheni. Nilikuwa nauona mpira kwenye pande zake mbili. Lakini simu ikiita na mkwe wangu akiuliza, naweza kujibu kwa moyo mweupe.

"Yuko macho, mwanangu. Msikilize."

"Namsikia mama. Anasemaje?"

"Sakafu."

Hivyo nikapata vipindi vya pili vitatu. Katika mechi hizo zambarau walishinda mbili, wakapanda nafasi moja, na ikabaki mechi ya mwisho ya msimu. Wakishinda wanabaki ligi kuu. Wakitoka sare au wakifungwa wanashuka, na ligi ya chini hairushwi na programu yoyote, nilimsikia mtangazaji akisema. Maana yake yule kipa na taulo lake nisingewaona tena.

Jumanne ya wiki hiyo mzee aliamka, akaenda mlangoni kuchukua viatu, akashika ukuta. Akasema nyumba inazunguka. Nikamkalisha kwenye ngazi. Nesi akaja na kipimo chake, akamfunga mkononi, akabonyeza, akanyamaza namna ambayo manesi wananyamaza.

"Presha iko juu baba. Unalala vizuri?"

"Ninalala."

"Mchana je? Si nilikuambia upumzike alasiri, kila siku?"

"Mchana hakuna usingizi siku hizi. Nikifumba macho tu, mama yenu ana swali."

Nesi akanitazama. Mimi nikatazama kipimo.

"Swali gani?"

"La kabati."

Nesi ni mtoto mwenye akili, lakini akili ya kazini inatafuta ugonjwa mahali ilipozoea. Akafikiri kidogo, akatazama televisheni, akapata jibu lake. "Ni mpira huu. Unamnyima usingizi, unampandisha damu. Mama wa watu anajaribu kumtuliza kwa mazungumzo."

Nilitaka kumsahihisha, lakini mzee alikuwa na rangi ya majivu, na mimi ndiye niliyemvutia pazia. Siku tatu zilizofuata nilimwacha alale. Nilimfunika shuka mwenyewe. Presha ikashuka vizuri, nami nikamshukuru Mungu, kisha nikaanza kuhesabu siku za kufika mechi.

Ijumaa jioni, saa kumi na mbili, Dereva akarudi safari. Wakakusanyika sebuleni: yeye, Nesi, na Fundi, ambaye alikaa kwenye kigoda cha karibu na mlango ingawa viti vilikuwepo. Nikawatilia chai, nikachukua sindano yangu.

"Tusizunguke," Dereva akasema. "Nesi ameniambia. Programu zote tatu tunazifuta leo. Afya ya baba kwanza."

"Dukani..." Fundi akaanza.

"Shemeji, dukani utaweka muziki."

"Sawa. Nilikuwa nasema tu kwamba mwezi umeshalipiwa."

"Tukiuacha umalizike, kesho ataangalia. Nesi anasema hata kesho asiangalie."

"Presha imeshuka juzi tu," Nesi akasema. "Kesho ni siku ya mwisho ya ligi, watu watapiga kelele mji mzima. Hapana."

Dereva akatoa simu. Mtoto huyu ana vidole vinene, vya usukani, inabidi abonyeze kila kitu mara mbili. Akafungua ya kwanza, kombe, akaifuta. Akafungua ya pili, timu ya taifa, akaifuta. Uzi wangu ukaruka kitanzi, nikaurudia. Akafungua ya ligi.

"Inauliza kama nina uhakika," akasema. "Baba, una uhakika? Usije ukasema tumekunyang'anya."

Mzee alikuwa kwenye kochi, macho wazi, amelala vya kutosha siku tatu nzima, mchangamfu. "Futa tu mwanangu. Mimi nilikuwa napenda ule muziki wao wa kuanzia. Ukiisha ule, sina shida tena."

"Na mpira?"

"Mpira wa redio nauelewa, mtu anakuambia. Huu wa picha, wanageuza upande kila baada ya mapumziko, mimi sijui nani anakwenda wapi."

Dereva akaweka simu juu ya goti, kidole bado kiko hewani.

"Subiri. Mwaka mzima nasimamisha lori barabarani kusoma namba. Wewe hukuwa unaangalia?"

"Nilikuwa nalala. Mama yenu akiniacha."

"Shemeji ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nauliza kila siku," Fundi akasema, akiitazama sakafu. "Naambiwa amelala. Halafu miezi hii ya karibuni, siku nyingine akawa halali."

"Basi nani..." Dereva akaanza, akaacha. Nesi alikuwa amegeuka. Alinitazama mimi, kisha sindano, kisha kile kitambaa chenye doa chini ya chombo cha maua, ambacho aliwahi kuniuliza kwa nini sikifui.

"Mama?" akasema.

Nikaweka uzi kwenye kikapu. Nikaweka sindano juu yake, nikainyoosha.

"Toa kidole hapo mwanangu," nikamwambia Dereva. "Kesho saa kumi zambarau wanacheza. Baba yenu atalala chumbani, mlango umefungwa, na shemeji yako atafute namna nyingine ya dukani. Mimi nataka kuuangalia mpira. Kipindi cha kwanza na cha pili, mpaka refa apulize."