Mazishi ya Pampu

Katika ufalme wa Ukavuni, vitu vya Mfalme havikuharibika; vilikufa. Sheria hiyo aliitunga Mfalme mwenyewe baada ya fundi mmoja kuthubutu kusema hadharani kwamba saa ya ikulu ni mbovu. Tangu hapo kutengeneza kitu kukawa tusi kwa kiti cha enzi. Mashine ikisumbua ilivishwa sanda, ikapigiwa mizinga, ikafukiwa, na nyingine ikaagizwa ng'ambo kwa shangwe. Wananchi walihudhuria mazishi hayo bila kukosa, maana pilau ilikuwa ya Mfalme.

Pampu ya kisima kikuu ilipoanza kutoa maji kidogo, Mfalme aliita baraza.

"Waziri wa Visima," alisema, "wewe umekulia kisimani. Pampu hii i hai au imekufa?"

Waziri alilijua jibu. Marehemu baba yake alikuwa mtunza kisima, naye na dada yake Siwema walimsaidia mara nyingi kubadilisha kile kipande cha ngozi kinachovuta maji ndani ya bomba. Ngozi ikichakaa, maji hupungua. Ukiweka mpya, yanarudi. Asubuhi ile ile Siwema, mjane mwenye mtoto mmoja, alikuwa amemfuata mlangoni.

"Mdogo wangu, ni ngozi tu. Waambie. Kombo tumbo lake halistahimili maji ya lambo."

"Nitawaambia, dada," alikuwa amejibu.

Sasa Mfalme alikuwa akitabasamu. "Nimeonyeshwa picha ya pampu mpya," aliongeza. "Inang'aa kweli kweli."

Baraza likakohoa kwa heshima. Waziri akawatazama wenzake, akaona kila mmoja anakagua zulia.

"Imekufa, Mtukufu," alisema, akaona haya hata kabla hajafunga mdomo.

Pampu ikazikwa kwa heshima zote, na Waziri huyo huyo ndiye aliyesoma tanzia. Mpya ilikuja, ikang'aa, ikafanya kazi mpaka vumbi la kiangazi lilipoikaba. Kuifungua ilikuwa mwiko, nayo ikazikwa. Wakati wakisubiri nyingine, watu walichota maji lamboni, walikokunywa pia ng'ombe.

Watoto wakaanza kuharisha. Kombo alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa, naye hakupigiwa mzinga hata mmoja. Waziri alilibeba jeneza la mpwa wake begani. Matanga yote Siwema hakumlaumu kwa neno lolote, na hilo lilimkosesha usingizi kuliko matusi ambayo angemtukana.

Baada ya matanga Siwema alichukua jembe, akaenda kulifukua kaburi la pampu ya kwanza. Wanawake wenzake wakamfuata, kisha wanaume. Habari zilipofika ikulu, Mfalme akamtuma Waziri na askari wakaitangaze upya kuwa imekufa, irudishwe udongoni.

Walikuta imeshasimamishwa kisimani. Siwema alikuwa amekata ngozi ya kiatu kikuukuu, akailoweka kwenye mafuta, akaipachika. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko kusonga ugali. Maji yakatoka kwa nguvu.

"Kumbe ni hivi tu?" mzee mmoja aliuliza. Kila aliyekuwapo alikuwa ameila ile pilau.

Mkuu wa askari akamgeukia Waziri. "Mheshimiwa, Mfalme anasubiri tamko lako."

"Ni nzima," alisema Waziri. "Ilikuwa nzima siku tuliyoizika. Nilijua, nikadanganya kwa kuogopa kumuudhi Mfalme."

Mkuu wa askari aliyatazama maji kwa muda. Kisha akaiegemeza bunduki yake ukutani, akainama kunywa, na vijana wake wakapanga foleni nyuma yake. Siku hiyo hakuna aliyerudi ikulu kupeleka tamko.

Waziri alibaki amesimama, akimsubiri dada yake amtazame. Alitaka apigwe kofi, atemewe mate, chochote.

"Maneno hayo tuliyahitaji Kombo akiwa hai," Siwema alisema. "Njoo ushike mpini. Watu wana kiu."

Akashika mpini. Alipiga pampu mpaka viganja vikachubuka, na Siwema akawajazia watu ndoo zao, mmoja baada ya mwingine, mpaka foleni ikaisha.

"Lete na yako, dada," alisema.

"Sikuja na ndoo," alijibu Siwema. "Niko peke yangu sasa. Kikombe kinanitosha."