Mlango wa Shangazi

Kuna wateja, halafu kuna ndugu. Mteja ukimwambia ukuta huu hauguswi, atakuuliza kwa nini. Ndugu ataleta nyundo. Mpambaji wa nyumba alilijua hilo tangu zamani, na alikuwa ameapa kwamba kazi ya ndugu hafanyi ng'o. Sasa mwangalie: amesimama katikati ya mapokezi ya kliniki mpya ya mdogo wake, siku ya ufunguzi, anatazama maporomoko ya maji.

Maporomoko ya maji, jamani, ndani ya nyumba. Yanateremka kwenye ukuta wa mawe meusi, shaa, shaa, shaa, mbele ya viti vya watu waliokuja kusubiri kutibiwa ngozi. Alikuwa amemweleza mdogo wake vizuri tu kwamba mtu akikaa karibu na maji yanayochuruzika hapumziki, anatafuta choo. Mdogo wake akajibu kwamba aliyaona kwenye hoteli moja, yanapendeza. Basi yakawekwa. Siku ya kuyajaribu, fundi bomba, fundi umeme na binti wa mapokezi walikwenda msalani kwa zamu asubuhi nzima, na bado hakuna aliyekubali kwamba Mpambaji alisema.

Mdogo wake mwenyewe wote walimwita Daktari, hata nyumbani, hata mkewe. Kwa ngozi, mpe haki yake, anajua. Tatizo ni kwamba alidhani mtu anayejua ngozi anajua na kuta. Alitaka vyumba vya tiba vipakwe rangi ya waridi, mpaka Mpambaji, dada yake, alipomweka karibu na ubao uliopakwa rangi hiyo, akamwonyesha mkono wake mwenyewe umekuwa mwekundu kama uliochomwa na jua. Utajuaje ngozi iliyowaka na ngozi iliyoangaziwa na ukuta? Rangi ikabadilishwa. Wiki iliyofuata akaja na taa ya vioo ya kuning'inia, kubwa kama mbuzi, akitaka ifungwe juu ya kitanda cha tiba. Mtu amelala chali, amepakwa dawa ya ganzi usoni, mashine inamlenga, halafu juu ya pua yake unamtundikia mbuzi wa kioo.

"Lala hapo," Mpambaji alimwambia siku ile, akimwonyesha kitanda. "Lala uione."

Daktari akalala, akaitazama taa iliyoshikiliwa juu na fundi, akainuka. Taa ikapelekwa mapokezi kuonana na maporomoko.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya Mpambaji, na mafundi walimcheka kwayo. Hachori chumba cha tiba mpaka alale mahali atakapolala mgonjwa, hata kama kitanda hakijaletwa, hata kama sakafu ni vumbi la saruji. Wapambaji wengi huchora chumba wakiwa wamesimama, na aliyelipia chumba hicho hukiona akiwa amelala. Akiwa chini pale aliona feni inayopuliza macho, taa inayochoma, ufa wa dari. Na alipolala, alijivunia sana kusema, alikuwa anajua mgonjwa anataka nini. Kwa hiyo alikataza vioo upande wote wa vyumba vya tiba. Mtu aliyetoka kuchomwa mwanga usoni, amevimba, amewiva, wa nini kumwonyesha? Akapigania na mlango wa nyuma, ili atoke bila kurudi kupita mbele ya watu wanaosubiri. Kwa mlango ule alikuwa tayari kugombana na ukoo mzima, kwa sababu mlango ule, kusema kweli, ulikuwa wa mtu mmoja.

Ulikuwa wa Shangazi. Ndiye aliyewalea wote wawili baada ya mama yao kufariki. Katika usichana wake jiko la mafuta lililipuka, likamla shavu la kushoto na kuuvuta mdomo upande mmoja, na tangu hapo hakuwahi kunywa chai bila leso mkononi, kwa maana chai humtoka pembeni. Hospitali alizisusa. Alisema ukumbini watoto humkodolea macho na wakubwa hutazama dari, na yeye hajui kipi kinaudhi zaidi. Daktari aliporudi na utaalamu wake na mashine inayoweza kulainisha kovu, alimbembeleza miaka na miaka. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ni Mpambaji aliyemshinda. Alikwenda na mchoro wa kliniki, akautandaza mezani kwa Shangazi, akapitisha kidole: utaingia hapa mapema kabla ya watu, chumba chako hiki, ukimaliza hurudi tena huku, unatoka kwa mlango huu, gari linakusubiri uani, hata nzi hakuoni. Shangazi aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Akanywa chai, akajifuta, akasema, "Haya. Nitakuja."

Mpambaji alitoka pale karibu alie kwa furaha. Lakini alimjua shangazi yake. Kovu la namna ile halitibiwi mara moja, linataka mtu arudi na kurudi. Siku ya kwanza ikiharibika, akikutana na kundi la watu uso ukiwa umewiva, hatarudi tena, na chai itaendelea kumtoka mpaka anakwenda kaburini. Mlango ule usipofunguka, basi.

Sasa ingia wifi. Mke wa Daktari hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokera zaidi, maana mtu mbaya unamtukana ukalala usingizi. Kazi yake ilikuwa matangazo, na alikuwa na ndoto ya ukuta wa maua, maua ya plastiki kutoka sakafuni hadi darini, ambapo wateja wangesimama kupigwa picha. Mpambaji alimwomba auweke popote anapopenda, hata juu ya paa, ila si kwenye korido ya nyuma. Wifi akasema, "Nimekuelewa, wifi yangu." Kauli hiyo kwake humaliza mazungumzo tu. Kukubali ni habari nyingine.

Shangazi alifika mapema kama walivyopanga, kajitanda mtandio mpaka kwenye nyusi. Kabla hajaingia ndani, Daktari aliona ni vizuri wapige picha chini ya kibao cha kliniki, ya familia. Wakajipanga yeye, mkewe na dada yake. Simu akapewa Shangazi. Kila picha ya ukoo ule ilipigwa na Shangazi, za harusi, za mahafali, zote. Mpeni Shangazi, mikono yake haitetemeki, ndivyo walivyozoea kusema. Akapiga, akarudisha simu, akaenda kulala kwenye kitanda cha tiba, Daktari akamfuata.

Wageni wakaanza kuingia. Mpambaji akaenda nyuma kuhakikisha gari limefika. Akakata kona ya korido, akasimama.

Maua. Meupe, ya waridi, ya zambarau, ukuta mzima. Mlango haukuonekana kabisa. Ulikuwa nyuma ya maua, umefunikwa na fremu ya mbao iliyokazwa kwa skrubu nene. Na mbele yake, mikono kiunoni, amejaa fahari, alisimama fundi wa dari waliyembatiza jina la Kesho, kwa sababu katika ujenzi ule wote hakuna swali alilowahi kulijibu kwa neno lingine.

Mpambaji alimwuliza nani kamwambia aweke kitu kile pale. Mama Daktari, alisema fundi, jana jioni. Akamwambia akitoe. Fundi akaugeukia ukuta, akautazama kwa huruma kama mtu anayetazama mtoto wake, akasema kitu kama hicho kukitoa, labda kesho.

Mpambaji akarudi mapokezi mbio, akamvuta wifi yake kando ya maporomoko ili wasisikike. Wifi akanong'ona kwamba korido ilikuwa kavu, kwamba mlango wenyewe haukuwa na mvuto, na kwamba Shangazi si mgeni, ni wa nyumbani, si angeweza kukaa tu chumbani mpaka wageni waondoke? Atapelekewa na juisi.

Hapo maji yalizidi unga. Mtu amechomwa uso, umfungie chumbani mpaka jioni kama kiti kilichovunjika mguu? Alilotaka Mpambaji kusema lisingefaa mbele ya wageni. Alirudi koridoni, akatia mkono kwenye mfuko wa zana wa fundi, akatoka na nyundo ya kung'olea misumari. Fundi Kesho akasema, "Mama, taratibu." Mama hakutaka taratibu. Alipiga magoti na gauni lake la sherehe, akaingiza makucha ya nyundo nyuma ya fremu, akavuta. Mbao ikalia kraa. Maua yakamwangukia kichwani. Akavuta tena, na kila alipovuta alikuwa na la kusema, kuhusu hoteli zenye maporomoko, kuhusu mbuzi wa kioo, kuhusu watu wanaokuelewa, kuhusu ukoo mzima ambao hakuna hata mmoja, hata mmoja, anayejiuliza mgonjwa anataka nini.

"Dada," sauti ya Daktari ilisema nyuma yake. "Unafanya nini?"

"Navunja."

"Wageni watasikia."

"Wageni wako wana mlango. Shangazi hana."

Akageuka. Mdogo wake alikuwa na glavu bado mikononi, na kando yake alisimama Shangazi. Mtandio ulikuwa mkononi, si kichwani. Nusu ya uso ilikuwa nyekundu, imevimba, inang'aa kwa mafuta ya dawa. Mpambaji akaanza kuomba radhi kwa haraka, ampe dakika chache tu, mlango upo hapa hapa nyuma, unakuja.

Shangazi hakuutazama mlango.

"Kioo kiko wapi?" aliuliza. "Nimemwuliza huyu, anasema wewe umekataza."

"Shangazi, nilidhani hutapenda..."

"Ulidhani." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyechoka kusimama. "Nimekuja kutengenezwa uso, nisiuone?"

Mpambaji alibaki magotini na nyundo yake. Shangazi akaokota ua moja sakafuni, akaligeuza, akalirudisha chini.

"Uliponiletea ule mchoro," alisema, "nikaona umenichorea mlango wangu peke yangu, wa nyuma. Nikasema moyoni, hata huyu ananificha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana. Na mimi nilitaka kunywa chai bila leso. Nikasema nitakwenda, hayo ya mlango tutayaona huko huko."

Daktari aliinamisha kichwa. Fundi Kesho alikuwa ameanza kukusanya skrubu moja moja, ili apate sababu ya kutotazama mtu.

"Huyu ndugu yako ananiambia unalala kwenye vitanda vyote hivi," Shangazi aliendelea. "Ukalala pale, ukatazama dari, ukadhani umeona ninachokiona mimi. Si ungeniuliza tu, mwanangu? Mimi nilikuwepo siku zote."

Mpambaji aliona aibu mpaka masikioni. Alikuwa amewakaripia wote, mdogo wake, wifi yake, mafundi, kwa kutomwuliza mgonjwa, na yeye mgonjwa wake alikuwa akimmiminia chai kila Jumapili. Alisema, nisamehe. Lilikuwa neno dogo.

Wifi akatokea kwenye kona, simu mkononi, kaja kuona kelele ni za nini. Aliona maua yake sakafuni akafungua mdomo. Kabla hajasema, Shangazi alimnyooshea mkono akaomba simu. Akafungua kamera ya mbele, simu ikawa kioo. Akajitazama, upande huu, upande ule, bila haraka, wao wote wakiwa wamesimama pale wasijue waweke wapi macho. Akaachama mdomo, akaufunga. Akaugusa ule upande uliovutwa.

"Unauma," alisema. "Lakini nadhani utafungika. Daktari, nirudi lini?"

Daktari akamtajia. Shangazi akaitikia kwa kichwa, kisha akaenda kusimama mbele ya ukuta wa maua, pale ambapo nusu ilikuwa bado imesimama na nusu imening'inia, mbao zikiwa wazi na mlango wa nyuma ukichungulia. Akajinyoosha. Mtandio akauweka begani. Wifi, ambaye mazoea yalimtangulia, akawahi kusogea kando yake na kunyoosha mkono wa kumvuta mumewe waingie.

"Ngojeni kwanza," Shangazi alisema. "Hii yangu peke yangu."

Akampa Mpambaji simu.

"Leo shika wewe."

Mpambaji akainuka, petali za plastiki zikidondoka kutoka kwenye nywele zake. Nyundo akampa fundi. Alipoinua simu, macho ya kazi yaliona kila kosa mara moja: taa ya dari inatupa kivuli chini ya pua, maua yanaua rangi ya ngozi, mbao zilizovunjika ziko katikati kabisa. Alitaka kumwomba asogee kushoto kidogo. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Utasimama wapi, Shangazi?" aliuliza badala yake.

"Hapa hapa. Usinikate kichwa. Halafu tutoke kule mbele, nikayaone vizuri hayo maji mnayoyagombania."

Akabonyeza. Akaitazama picha, imetoka ukungu mtupu, maana mikono ilikuwa inamtetemeka. Akasema samahani. Shangazi akamwambia apige tena, yeye hana haraka.