Njiwa wa Mkono wa Kushoto

...na huyu njiwa naye hatulii, nikimsogezea kiganja anarudi nyuma kidogo, "Wa kushoto, Yumna, wa kushoto," anasema Ustadha Nihal wa mazoezi ya viungo, sauti yake inaniingia kwenye miwani hii ya mchezo iliyoniziba macho kama ya mtu aliye chumba cha pili, wa kushoto ndiyo, najua, wa kulia kazi yake yote tunaijua, kuandika, kula, kumfinya kaka... lakini humu hata wa kushoto ni mzuri, nikitazama chini siioni ile ngumi iliyojikunja, naona kiganja cha buluu kimekunjuka, na banda liko juu ya paa kama la Mjomba Shukri kule Mansura, nikipandisha mkono njiwa akafika, anaingia na mwingine anakuja, njoo, njoo mpenzi... "Nyumbani hata kijiko hanyanyui nao," huyo Mama, anadhani nikivaa miwani na masikio yanaziba, "namwambia nyanyua, mwanangu, ananitazama kama nimemtukana, tangu akiwa mchanga nampeleka kwa madaktari, yeye na mtindio wake wa ubongo, namnyoosha mkono asubuhi na jioni, nadhani amenichoka, Ustadha"... sijakuchoka, Mama, nimechoka na kijiko, kijiko hakina pa kwenda, kinatoka kwenye mchuzi wa mulukhiya kinakuja mdomoni, na nyote mezani mnanyamaza, Baba ameshika mkate haumegi, wewe umebana midomo, mchuzi unadondoka kwenye nguo ndipo unapumua, si kitu, roho yangu, si kitu, nami naona aibu, ingekuwa si kitu usingenyamaza... humu njiwa akianguka anaruka mwenyewe anarudi, hana kinyongo... bega linawaka, mkono umefika kifuani, juu zaidi, nyumbani ningekuwa nimeshaushusha, ungekuwa umeshasema jitahidi nami nimeshanuna, mbona humu sinuni, labda kwa kuwa njiwa namtaka mimi, sikutumwa na mtu... unatetemeka sasa, njiwa anayumba, na huko nje wamenyamaza, ukimya uleule wa mezani, wananitazama, basi, nataka kuushusha... Ustadha Nihal anacheka, taratibu, "Mama Yumna, hebu jitazame." "Nini?" "Mkono wako." "Umefanyaje?" "Uko juu. Na ni wa kushoto. Tangu aanze, akipandisha nawe unapandisha, akitetemeka nawe unatetemeka. Utamwangusha njiwa wako." Huyo Mama, "Ya Rabi, wala sikujua... hata mezani baba yake hunicheka, mtoto akipeleka kijiko mimi nameza, na mdomoni sina kitu"... unameza. Mama, unameza. Kumbe pale ulipobana midomo, nami nikidhani unahesabu madoa... nataka kugeuka, lakini nikigeuka njiwa ataanguka, na humu hata nikigeuka sitakuona, ni mapaa na mbingu tu, ila najua ulipo, upande wa dirisha, nasikia bangili zako zinagongana, zinateremka kwenye kiwiko, maana yake hujaushusha, mwanamke huyu, ameshachekwa na bado hajaushusha... bega linawaka vilevile, banda liko mbali vilevile, njiwa yuko palepale kiganjani, ananitazama kwa jicho moja, pandisha, Mama, kidogo tu, mimi huyo napandisha...